Fundi Miwani na Kitabu cha Kahawia

Jumatatu, 3 Julai

Baridi. Baridi ya kuingia hadi kwenye meno. Nimefungua duka saa mbili, vidole havishiki bisibisi. Skrubu za miwani ni ndogo kama chawa. Leo nimeangusha nne, nimeokota moja. Mteja mmoja tu hadi adhuhuri, naye alikuja kuuliza posta iko wapi.

Siku ya tisa tangu mke wangu ahamie kwa dada yake, mwisho wa njia ya basi. Niandike kisa kilivyo, maana daftari hili halisomwi na mtu. Alikuwa ameketi hapa hapa dukani, ananisimulia habari za mama yake tuliyemzika mwaka jana. Mimi nakaza skrubu, naitikia: enhe, enhe. Kumbe ananipima! Baada ya muda akasema, kwa sauti ile ile, kwamba paa linaungua na sote tutateketea. Nikasema enhe, vizuri. Basi. Akaingia ndani, akapanga nguo kwenye begi. Na paa lenyewe halikuungua hata kidogo!

Leo shemeji, huyo dada yake, kapita dukani. Kaleta kitabu cha kabati la kanisa, jalada la kahawia, kurasa mia moja arobaini na tatu. Kinahusu kusikiliza. Ujumbe wa mke wangu: yeye keshakisoma, sasa nikisome mimi, ukurasa kwa ukurasa, hadi mwisho. Nikifanya hivyo atajua, na atarudi nyumbani. Nikamwuliza shemeji atajuaje. Akasema we soma tu.

Kitabu kimoja! Mwanamke huyu ananidharau. Jana Mchungaji katangaza Msimu wa Kusoma, kama kila mwaka. Wiki tatu hizi za baridi, watu wakiwa wamejikunyata ndani, wasome vitabu vya kuijenga roho badala ya kusengenyana. Ukimaliza kitabu unatia sahihi kwenye kadi iliyobandikwa nyuma, halafu unawekewa alama kwenye chati ukumbini. Mwenye alama nyingi anasimama mbele Jumapili ya kufunga, tarehe 23, anatoa ushuhuda. Miaka mitatu mfululizo kasimama Nesi, muuguzi mstaafu, mtunza kabati la vitabu. Mwaka huu nasimama mimi. Vitabu ishirini. Mke wangu akae pale chini anitazame. Kusoma kimoja ni kazi ya watoto.

Jumanne, 4 Julai

Nimeanza na cha kahawia, kwa heshima yake. Chai, blanketi, soksi mbili mbili. Ukurasa wa kwanza unasema mtu anayesikiliza kweli huweka chini alichoshika mkononi. Nikawaza: sawa kabisa, wapo watu wanahitaji kuambiwa hivi. Nikalala.

Nimeamka shingo imekakamaa. Halafu nikaona kitu. Mke wangu kakichafua kitabu! Penseli kila ukurasa, pembeni, juu, chini, mwandiko wake ule mdogo wa kubanana. Ndiyo tabia yake, hawezi kusoma kitu bila kuandika andika. Hata karatasi ya maelezo ya dawa ya mafua aliwahi kuipigia mistari. Sikuhangaika kusoma hayo. Mimi ni mtu wa miwani, najua maandishi madogo yanavyoua macho. Nimekiweka kando. Kiko nyumbani, hakiendi popote.

Mchana nikapita kabatini, nikabeba vingine vitano. Na njia nimeshaipata. Kitabu kina kichwa, tumbo na mkia. Soma ukurasa wa kwanza, wa katikati na wa mwisho, umekimaliza. Kabla ya chakula cha jioni nilikuwa nimemaliza cha subira, cha ulimi, cha kufunga, cha shukrani, na kimoja kisicho na jalada ambacho sikujua kinahusu nini hata baada ya kukimaliza. Kwenye kadi kuna nafasi ya sentensi moja: umejifunza nini? Nimeandika "Nimeguswa." Vyote vitano. Kikombe kimemwagikia cha subira, lakini kidogo tu.

Alhamisi, 6 Julai

Nesi kaja dukani! Mkono mmoja wa miwani yake umechomoka, skrubu imepotea. Kazi ya dakika mbili. Nilikuwa nimeshaishika bisibisi. Ndipo nikakumbuka chati: mimi saba, Nesi saba.

Nikamwambia skrubu ya aina hii ni adimu, lazima iagizwe. Wiki mbili, pengine tatu. Akashangaa, akasema mwaka jana niliikaza hapo hapo yeye akiwa amesimama. Nikamwambia mama, siku hizi viwanda vimebadilika. Nikamwazima miwani nyingine kutoka kwenye droo. Haikuwa ya nguvu yake. Ilikuwa ya dereva mmoja wa lori aliyehama bila kuja kuichukua. Nesi akaivaa, akapapasa mlango mara mbili kabla ya kuupata. Akasema Mungu akubariki, mwanangu. Maneno hayo yamenikaa kooni hadi saa sita. Kisha yakashuka.

Kinyozi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kasikia yote. Mtu yule kazi yake ni mbili, kunyoa na kusikia. Akaja mlangoni na kitana mkononi, akaniuliza kwa nini nisikae chini nikasome kile kimoja nilichopewa, yakaisha. Nikamwambia yeye si msomaji, hawezi kuelewa mambo ya roho.

Jumapili, 9 Julai

Droo yangu sasa ina miwani sita za watu wa kanisani, zote zinangoja "skrubu ya kuagizwa." Moja ilihitaji kufutwa tu. Nimeizuia hiyo pia, maana mwenyewe ana vitabu vitano na haonyeshi dalili ya kuchoka.

Ibada ilikuwa kihoja. Watu wanaimba huku wamevinyoosha vitabu vya nyimbo mbali na nyuso. Mzee wa kanisa kasoma matangazo ya wiki iliyopita, na hakuna aliyegundua ila Mchungaji, aliyefumba macho kama mtu anayeomba.

Mke wangu alikaa safu ya tatu, pamoja na shemeji. Sweta lake la kijivu, lile lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Kifungo kile nilikishona mimi, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Hakugeuka. Nilikohoa mara tano. Mara ya tano mama mmoja akanipa peremende.

Wakati wa kutoka, Nesi kakikosa kidato cha mlangoni. Mguu ukaenda chini, Nesi akaenda nao. Kifundo cha mguu kimeteguka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga; lakini Nesi alisikia la fundi, na mguu ukaenda vile vile. Nilimbebea mkoba hadi kwake. Nilijisikia vibaya, kweli kabisa, moyo ulinisuta njia nzima. Wakati wa kurudi nikapitia ukumbini kutazama chati: mimi tisa, Nesi nane. Hapo ukanisuta kidogo tu.

Jumanne, 11 Julai

Nimeenda kumjulia hali Nesi. Nimempelekea ndizi. Nikamkuta kitandani, mguu juu ya mito miwili, miwani ya dereva wa lori kaitupa mwisho wa chumba. Mkononi ana lenzi kubwa ya kukuzia maandishi, aliyokuwa akisomea vipimajoto enzi zake wodini. Anasoma! Hapiki, hafui, haendi popote, majirani wanamletea kila kitu. Tangu Jumapili vitabu vitano. Kumi na vitatu! Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikaa pale natafuna ndizi nilizomletea mgonjwa.

Halafu akaleta mawili mengine. La kwanza: kuna mtu karudisha kitabu cha subira kina doa la chai, na kuanzia sasa kitabu kikirudi kichafu, mtu anakatwa alama mbili. La pili: anakitaka kile cha kahawia, maana ndicho pekee cha kabatini ambacho hajawahi kukisoma, na mimi nimekaa nacho wiki nzima. Nikipeleke kesho kutwa. Nikasema nitakileta, mama, bila wasiwasi.

Nina wasiwasi. Penseli kila ukurasa! Alama mbili zangu zinaondoka kwa uchafu wa mke wangu.

Jumatano, 12 Julai

Raba. Siku nzima raba. Nimefunga duka saa tisa, nimekaa na kitabu cha kahawia mapajani, nafuta. Ukurasa wa kwanza umeandikwa hadi kwenye pembe. Wa pili hivyo hivyo. Makombo ya raba kwenye blanketi, kwenye chai, kwenye nyusi. Nilikuwa nafuta bila kusoma, kama mtu anayeosha vyombo. Mahali fulani nikaona neno "Fundi" likipita chini ya raba. Nikawaza atakuwa seremala, maseremala wapo kwenye Biblia. Mahali pengine nikaona "mama" na "usiku ule," lakini mkono ulikuwa umeshapata mwendo.

Ukurasa wa sabini na moja raba ikaisha. Hata kipande hakuna. Duka la vifaa vya shule limefungwa kwa ajili ya baridi, mwenyewe anaumwa mafua. Basi, nusu si haba. Nesi anatazama na lenzi, hataona yote. Nikatia sahihi kwenye kadi ya nyuma, nikaandika: "Nimejifunza kusikiliza." Kitabu cha kumi na nne! Mchango wa mke wangu nao umehesabiwa. Kesho Kinyozi anakipeleka, ana mteja mtaa ule.

Jumamosi, 15 Julai

Mvua ya baridi, ile isiyonyesha wala kukatika. Nyumba ina sauti mbili tu: saa ya ukutani na mimi. Nimechemsha chai ya watu wawili tena. Kila siku najiambia nipunguze maji, na kila siku birika linajaa lenyewe. Nimekunywa kikombe changu, halafu nimekunywa chake. Upande wake wa kitanda unanuka baridi. Ninamkosa. Haya, nimeandika, yasome wewe daftari.

Jioni shemeji akapita, yuko mbioni, mwavuli umegeuzwa na upepo. Nilikuwa nimeinama juu ya fremu moja ngumu. Akaniuliza kama nimeshafika ukurasa wa mia wa kile kitabu. Nikamwambia shemeji, mia nimeupita zamani. Uso wake ukafunguka! Sijawahi kumwona akinitazama vile, hata siku ya harusi. Akaniuliza: kwa hiyo Jumatano utakuja? Skrubu ilikuwa inakaribia kuingia. Nikasema enhe, nitakuja, kwa nini nisije. Akanishika bega, akasema basi anaenda kumwambia ajiandae. Akaondoka karibu anakimbia.

Baadaye nikajiuliza: Jumatano wapi? Ajiandae na nini? Nikataka kumkimbilia, lakini nje kulikuwa na mvua. Nitauliza kabla ya siku yenyewe.

Jumatano, 19 Julai

Sikuuliza. Jumatatu na Jumanne nilikuwa na vitabu vitano vya kumaliza. Lakini akili ninayo: Jumatano kuna nini? Kipindi cha wasomaji, ukumbini, saa nne asubuhi! Hakuna jambo lingine Jumatano. Nikavaa koti zuri, nikachana ndevu, nikawahi mapema, nikamwekea mke wangu kiti kando yangu. Nikakishikilia kwa mkono mmoja watu wasikichukue.

Hakuja. Saa tano, hakuja. Saa sita wakazima taa. Mchungaji akaniuliza kama mke wangu hajambo, nikasema ana shughuli. Nimerudi nimelowa hadi kwenye soksi za ndani. Mimi nimefika na yeye hakufika! Halafu mimi ndiye nisiyesikiliza. Nimekasirika sana, na nina haki. Nimeweka kwenye chati cha kumi na tisa kwa hasira.

Ijumaa, 21 Julai

Sijui niandikeje.

Nesi kanitumia ujumbe niende mara moja. Nikadhani ni habari ya penseli. Nikamkuta ameketi kitandani, kitabu cha kahawia juu ya blanketi, macho mekundu. Akaanza kwa kuuliza ni mjinga gani kafuta kurasa za mwanzo. Nikasema labda panya. Akasema mwanangu, panya hawana raba.

Kisha akaniambia. Yale ya penseli hayakuwa mambo ya kitabu. Ilikuwa barua. Mke wangu kaniandikia mimi, tangu ukurasa wa kwanza, kidogo kidogo, kila ukurasa kipande. Mambo yote aliyonisimulia dukani mwaka mzima, usiku wa mwisho wa mama yake, na yale aliyomeza, aliyaandika upya, kwa kuwa nilipokuwa nasikia sikusikia. Aliyaweka mahali ambapo anayesoma ukurasa kwa ukurasa tu ndiye angeyapata. Ndivyo angejua. Na kurasa sabini na moja nimezipangusa mimi kwa mkono wangu.

Nesi akasoma ukurasa wa mia kwa sauti, lenzi jichoni. Nainakili: "Fundi, kama umefika hapa, asante. Jumatano tarehe 19 mwaka unatimia tangu tumzike mama. Sitaki kwenda kaburini peke yangu. Njoo saa nne, unikute getini makaburini. Begi nitakuwa nalo. Tukitoka hapo, twende nyumbani."

Shemeji kamweleza Nesi yaliyobaki. Mke wangu alisimama getini tangu saa nne hadi saa tisa. Na begi. Na mvua ile.

Nikamwuliza Nesi kwa nini hakuniambia mapema. Ala! Heri ningeuma ulimi kwanza. Akanijibu polepole kwamba maandishi ya chapa lenzi inayamudu, lakini mwandiko ule wa penseli inausoma maneno matatu kwa mara moja, macho yakimuuma anapumzika saa nzima, na ukurasa wa mia kaufikia jana. Angekuwa na miwani yake, angekimaliza Jumapili iliyopita, na angemtuma mtu aje kwangu mbio.

Skrubu ya dakika mbili.

Akanirudishia kitabu. Akasema yeye kaishia ukurasa wa mia, mbele hakusoma, maana si barua yake. Kumebaki kurasa arobaini na tatu. Akasema kasome leo. Nikalia pale pale, mbele ya mtu niliyemtegua mguu, naye akanipa kitambaa.

Jumamosi, 22 Julai

Nimeamka mtu mpya. Kinyozi kaja alfajiri, Nesi kamweleza. Akasema nisioge, nisile, nipande basi la kwanza, niende nikapige magoti mlangoni kwa shemeji. Nikamwambia toba ina utaratibu wake. Kwanza nisafishe nilipochafua.

Nikatoa miwani sita kwenye droo. Nikazikaza zote. Dakika kumi na tano, zote sita! Nikazipeleka nyumba kwa nyumba. Mpaka saa saba nilikuwa nazunguka na baridi hii, watu wananibariki, wananiita mchapakazi. Nesi nilimvalisha yake mwenyewe. Akatazama dirishani, akasema kumbe kuna mti pale.

Mchana nikakaa na kitabu. Nilisoma kweli! Ukurasa wa mia na moja, mia na mbili, mia na tatu. Kwenye mia na tatu kaandika kwamba mama yake alikuwa akiniulizia hadi siku za mwisho, kama bado nakaza vitu ambavyo havijalegea. Nikacheka, halafu nikashindwa kucheka. Ndipo wazo likaja: kwa nini nisiende mwisho kwanza, nijue tunaelekea wapi?

Ukurasa wa mwisho, chini kabisa: "Kama umeruka ukaja huku moja kwa moja, nimekujua. Rudi ukurasa wa 118."

Lo! Mke huyu! Nikarudi 118. Penseli imezunguka ukurasa pande zote nne, lazima ukigeuze kitabu kama usukani. Pembeni juu: "Siku nitakayokuja kukuuliza jambo, Fundi, kwanza weka chini ulichoshika. Pili," na hapo mstari unapinda kona. Nikawa nageuza kitabu. Kinyozi akagonga ukuta, akasema Nesi kaweka alama ya ishirini kwenye chati. Ishirini! Na mimi kumi na tisa! Ni miwani ile niliyomrudishia asubuhi!

Nimefunga kitabu ili niwaze vizuri. 118 hauendi popote.

Jumapili, 23 Julai

Nimeshinda.

Ilikuwa hivi. Alfajiri nilitia sahihi kwenye kadi ya kitabu cha kahawia kwa mara ya pili, maana safari hii nimekisoma zaidi. Ishirini kwa ishirini. Nilipofika ukumbini nikaogopa, Nesi alikuwa mbele ya chati na fimbo yake na miwani yake, anaona kila kitu. Akakifungua kitabu nyuma, akaiona sahihi ya pili. Akachukua kalamu, akafuta alama yake moja. Akamwambia Mchungaji kuna kitabu alisoma barua ya mtu mwingine ndani yake, kwa hiyo hakistahili kuhesabiwa. Mimi akaniambia nisimame niseme, huenda nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Nikasimama. Mada: kusikiliza. Dakika ishirini na tano! Nilieleza kwamba anayesikiliza huweka chini alichoshika mkononi. Nikaeleza na kuhusu majuto. Sauti ilinikwama mara mbili, mara moja kwa kweli. Mama aliyenipa peremende alilia. Mke wangu alikuwa safu ya tatu, sweta la kijivu, ananitazama! Hakuondoa macho. Nilijua hapo hapo kwamba mambo yamekwisha vizuri.

Wakati wa chai akaja kwangu mwenyewe, peke yake. Nilikuwa na kikombe mkono huu, na mkono huu zawadi ya mshindi, kitabu kipya cha kurasa mia nne. Akaanza kuzungumza, taratibu, macho yake yakiwa chini. Wakati huo huo namwona Mchungaji nyuma ya bega lake, anakifungua kitabu cha kahawia nilichokiacha mezani, anafunua kuelekea kwenye kadi! Sahihi mbili! Funua, funua. Mke wangu anasema. Mchungaji analamba kidole. Mke wangu akanyamaza, kama mtu aliyeuliza kitu. Nikasema enhe, vizuri. Akauliza tena. Mchungaji akakifunga kitabu, hakuona! Nikasema enhe, vizuri, kwa furaha kabisa.

Akatikisa kichwa. Akafunga sweta lake hadi kifungo cha juu, kile changu. Akaenda.

Nilirudi pamoja na Kinyozi. Mlangoni nikamwuliza kama alisikia mke wangu alikuwa anasema nini. Alisikia, yeye husikia. Akasema mke wangu aliniuliza kama itakuwa sawa kwangu asirudi tena, abaki kwa dada yake moja kwa moja. Aliuliza mara mbili. Na nilijibu mara mbili.

Nimemwambia alisikia vibaya. Ukumbi ule una mwangwi.

Jioni. Baridi imezidi. Nimechemsha chai ya watu wawili. Mlango sijaufunga kwa ufunguo, huenda basi limechelewa. Nimewaza sana, nimepata suluhisho: tatizo lilikuwa idadi. Ishirini ni vichache. Mwakani thelathini, na nitaanza mapema, na miwani nitazikusanya tangu Mei kwa utaratibu mzuri zaidi. Vile vile nitamwandikia barua, fupi, nitaificha kwenye kitabu, ukurasa wa katikati, mahali ambapo mtu hawezi kuukosa.

Upepo unapita kwenye ufa wa dirisha upande wake wa kitanda. Nimetafuta kitambaa cha kuziba, nikakosa. Nimekunja kitabu cha kahawia, nikakibana pale. Kimeenea barabara. Hakipitishi kitu.